Alama 95 za Mombasa: Ni Nani Aliyeshuhudia?

Alasiri moja nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya kinyozi, mtaa wa Shela hapa Malindi, aliponijia mzee mmoja tunayejuana naye tangu utotoni. Mkononi alishika kisanduku chembamba cha plastiki ya kijani, na nyuma yake alifuatwa na mwanawe wa miaka 13, uso ameuinamisha. Kisanduku kilitoka Doha. Ami yake mtoto amekileta pamoja na mashine ya kuchezea alipokuja likizo. Baada ya salamu mzee hakuzunguka sana.

"Ndugu yangu, wewe ni mtu wa magazeti. Nisomee hapa. Mchezo huu umepata 16. Ni 16 juu ya ngapi?"

Kabla sijajibu mtoto aliinua kichwa. "Baba, hiyo siyo maksi. Maksi zake ni 85."

"Basi ni 16 au ni 85?"

Kinyozi alicheka, lakini swali lile si la kuchekwa. Mzee alikuwa na jambo la kuamua. Ikiwa mchezo ni mbovu, atauza diski pamoja na mashine yake, na fedha zitasaidia ada ya shule. Ikiwa ni mwema, mtoto atacheza nyumbani machoni pa mamake, badala ya kushinda kwenye vile vibanda vya gemu ambavyo siku hizi vimejaa kuanzia Mtwapa, Kilifi mjini hadi huku kwetu, ambako mtoto hulipa shilingi 10 au 20 kwa mechi moja na kusahau kwamba kuna chuo baada ya sala ya alasiri. Uamuzi huo wote alitaka kuutegemeza juu ya tarakimu moja. Na hapo ndipo mwandishi wa makala haya alipoanza kujiuliza: tarakimu zenyewe hutoka wapi, na anayezitoa ni nani?

Tuanze na ile 16, maana ni nyepesi. Hiyo ni alama ya umri. Nchi nyingi za Ulaya zina utaratibu uitwao PEGI, ulioanza 2003, ambao hubandika kwenye kisanduku cha kila mchezo tarakimu ya 3, 7, 12, 16 au 18. Maana yake ni kwamba aliye chini ya umri huo haufai. Hausemi mchezo ni mzuri wala ni mbaya. Sisi Kenya tuna Bodi ya Kuainisha Filamu, inayofanya kazi chini ya Sura ya 222 ya sheria zetu, na alama zake wengi wetu tumeziona: GE kwa watu wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Ila sheria hiyo ilitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya filamu na michezo ya jukwaani, wakati ambapo hakuna aliyeota kwamba mtoto atakuja kuishika filamu kwa vidole vyake na kuiendesha atakavyo. Saudia nao walianza utaratibu wao wa alama za umri kwa michezo ya video 2016. Kwa hiyo mzee wangu, mwenye mtoto wa miaka 13, jawabu la kwanza alikuwa nalo mkononi bila ya kujua.

Ile 85 ndiyo yenye mambo.

Kuna mtandao wa Kimarekani uitwao Metacritic, ulioanzishwa 2001, ambao hukusanya alama zilizotolewa na magazeti na wahakiki mbalimbali, ukazichanganya na kutoa wastani mmoja juu ya 100. Hauwahesabu wahakiki wote sawa. Wengine wana uzito zaidi kuliko wenziwao, na uzito huo hautangazwi. Kabla yake kulikuwa na jarida la Kijapani, Famitsu, lililoanza 1986, ambalo lilikuwa na mtindo wa kupendeza: wahakiki wanne, kila mmoja na alama zake 10, jumla 40, na kila mmoja huandika maneno machache juu ya alichokiona. Mimi mtindo huo naupenda zaidi, kwa sababu unawaona wanne wakihitilafiana mbele ya macho yako. Katika wastani hitilafu zote humezwa.

Tena kuna jambo ambalo mzazi wa Kenya atalifahamu upesi. Tarakimu ikishatoka, watu huisoma kama matokeo ya mtihani. Kwa miaka mingi, hadi ulipofanywa mara ya mwisho 2023, mtihani wa KCPE ulikuwa juu ya 500, na tuliona wazee wakifanya karamu au kuangua kilio kwa sababu ya alama tano tu. Kadhalika katika michezo ya video. Ukihesabu kutoka 0 hadi 100 utadhani 50 ni ya wastani, la hasha. Wahakiki wamejizoesha kutoa 70 kwa mchezo wa hivi hivi, na ukipata 60 umefeli. Nusu nzima ya ngazi imeachwa bila ya kukanyagwa. Hivyo ile 85 ya mtoto, ambayo babake angeiona ni ya kupigiwa vigelegele, kwa wenyewe ni kama kusema "si mbaya".

Sasa, mchezo wenyewe uliokuwamo ndani ya kisanduku kile. Niliposoma jalada nilistaajabu, kwani ulikuwa ni mkusanyiko wa Halo, uliotolewa Novemba 2014 kwa mashine ya Xbox One, na ndani yake umo mchezo wa Halo 2. Huenda msomaji hana habari, lakini Halo 2, uliotoka Novemba 2004, sehemu yake moja inatokea Mombasa. Ndiyo, Mombasa hii hii yetu. Ni mwaka 2552, viumbe kutoka nyota za mbali wameivamia dunia, na askari wanapigana nao vichochoroni mwa Mombasa ya Kale, kisha wanavuka daraja kuingia mji mpya wa majumba marefu. Kuna hata uwanja wa mapambano uitwao Zanzibar. Mwaka 2009 kampuni ile ile, Bungie, ilitoa mwingine, ODST, ambao karibu wote ni Mombasa: mji mtupu, usiku, mvua inanyesha, na mchezaji anatembea peke yake akiwatafuta wenzake huku saksafoni inalia. Sehemu zake zina majina. Moja ni Kizingo. Nyingine ni Kikowani, na humo Kikowani ni stesheni ya treni.

Halo 2 ulipata 95 juu ya 100. ODST ulipata 83. Ni alama kubwa, na sisemi hazikustahili. Katika ufundi wa kupigana, sauti, na mwendo wa hadithi, michezo ile ilifungulia njia mingi iliyofuata. Lakini hebu fikiri. Makumi ya wahakiki walikaa chini kuuhukumu mchezo wa Mombasa, nao waliandika kwa magazeti ya Marekani na Ulaya. Aliyekulia Makadara au Kuze hakuulizwa. Mtu mwenye mzazi aliyezikwa makaburi ya Kikowani, akalisikia jina lile katikati ya mizinga ya viumbe wa angani, hakuwa na kiti kwenye meza ile. Pengine angefurahi kwamba mji wake umekumbukwa hata mwaka 2552. Pengine angeuliza ni kwa nini waliotoka mbali walikumbuka jina la mtaa wakawasahau watu wake. Kwa kuwa hakuulizwa, hatujui, na ile 95 haina nafasi ya jawabu lake.

Hapa kwetu, ukienda kwa Kadhi na kesi yako, shahidi hapokewi kwa kuwa ana sauti nzito. Huulizwa yeye ni nani, alisimama wapi, aliona nini kwa macho yake. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, mzazi akitoa ushahidi wa kumfaa mwanawe haupokewi, hata akiwa mtu mkweli namna gani. Alama ya mchezo ni ushahidi. Anayeitoa anasema: nimeucheza, nimeona hili na lile. Ukiichukua tarakimu ukamwacha shahidi, umeshika risiti isiyo na jina la duka.

Angalia yaliyotokea kwa mchezo uliopata alama kubwa kuliko yote. Mwaka 1998 kampuni ya Nintendo ilitoa The Legend of Zelda: Ocarina of Time. Famitsu waliupa 40 juu ya 40, mara ya kwanza katika historia ya jarida lile, na katika wastani wa Metacritic umesimama kwenye 99. Katika toleo lake la kwanza, mchezaji aingiapo hekalu la moto, nyuma ya muziki zilisikika sauti za sala ya Kiislamu, zilizochukuliwa kutoka katika akiba ya sauti zinazouzwa kwa watengenezaji wa muziki. Kampuni iliziondoa katika matoleo yaliyofuata. Zile alama 40 zilitolewa na watu waliosikia, na kwao ilikuwa ni mlio tu wa kutia hofu.

Haikuwa mara moja. Oktoba 2008 kampuni ya Sony iliahirisha kutoka kwa mchezo wa LittleBigPlanet duniani kote, baada ya kubainika kwamba wimbo mmoja ndani yake una maneno ya Kurani. Na Oktoba 2012 kampuni ya Activision iliuondoa kwa muda uwanja mmoja wa Call of Duty: Modern Warfare 2, mchezo wa 2009, kwa kuwa maneno ya hadithi ya Mtume yalikuwa yameandikwa kwenye fremu ya picha, na picha yenyewe imetundikwa msalani. Mchezo ulikuwa umeshahakikiwa, umeshapewa alama, umeuzwa kwa miaka mitatu. Waliosema ni wachezaji Waislamu, waliojua kusoma kilichoandikwa.

Lakini tuwe waadilifu pande zote mbili, maana kuna wenzetu ambao wakisikia haya hutaka mchezo upewe sifuri moja kwa moja. Ule wimbo wa LittleBigPlanet ulipigwa na Toumani Diabaté wa Mali, bingwa wa kora, Muislamu mwana wa Waislamu, aliyefariki 2024. Kwake yeye, na kwa desturi ya nyumbani kwao, kuyachanganya maneno ya dini na muziki lilikuwa jambo la kawaida, na alisema hivyo. Sisi tunaosoma maulidi kwa matari hapa pwani tutamhukumu kwa haraka kiasi gani? Na wale waliotengeneza mchezo, ambao wimbo wameununua wakiwa hawajui lugha yake, kosa lao ni la namna gani? Si kosa moja na la yule anayeitundika hadithi msalani, hata kama naye pia hakujua kusoma. Haya ni mambo ya kuelezwa kwa maneno. Ukiyatia ndani ya tarakimu, kwamba mchezo ulikuwa 95 na sasa kwa ajili ya wimbo ni 60, hujamweleza mtu kitu. Anayetaka kujua kama mchezo unachezeka atapotea, na anayetaka kujua kama unafaa nyumbani kwake atapotea pia.

Kuna na hili la mashine. Mkusanyiko ule wa mzee wangu, ulipotoka 2014, wahakiki wengi waliusifu kabla haujafika madukani. Ulipofika, watu walioununua kwa ajili ya kushindana mtandaoni hawakuweza kuunganishwa na wenzao kwa wiki nyingi. Watengenezaji waliomba radhi, na kwa fidia wakawapa wachezaji wa siku zile ODST bure. Juu ya hayo, sehemu kubwa ya mashindano haikuwamo kwenye diski. Ilibidi kuipakua, kiasi cha gigabaiti 20. Kwa mtu wa London hilo ni jambo la usiku mmoja. Kwa kijana wa Malindi anayenunua bando la intaneti kidogo kidogo, ni bei ya mchezo mwingine mzima. Sijaona alama iliyopunguzwa kwa ajili hiyo.

Vijana wa vibanda wanalijua jambo hili kuliko mimi. Mchezo unaowalisha wenye vibanda ni wa kandanda, ule uliokuwa ukiitwa FIFA hadi 2023 ulipobadilishwa jina kuwa EA Sports FC. Kwa miaka mingi vibanda vyetu vilitumia mashine kuukuu za PlayStation 3, za mkono wa pili. Mwaka 2017 na 2018 zilitoka FIFA 18 na FIFA 19 kwa mashine zile, zikabeba jina lile lile na tarakimu ile ile kwenye jalada, lakini ndani zilikuwa ni mchezo wa zamani uliobadilishwa jezi na orodha ya wachezaji. Wahakiki walioandika walicheza toleo la mashine mpya. Sifa zao zikasomwa huku, na mwenye kibanda akatoa fedha zake kununua kitu ambacho shahidi hakukiona. Wakubwa nao hawakusalimika: Desemba 2020 mchezo wa Cyberpunk 2077 ulisifiwa mno na wahakiki waliopewa toleo la kompyuta peke yake, na ulipoonekana hali yake kwenye mashine za nyumbani, Sony waliuondoa dukani mwao siku chache tu baada ya kutoka, hadi Juni mwaka uliofuata.

Juu ya fedha nitasema kidogo, kwa sababu habari zake ni za kila mahali. Mwaka 2007 mhakiki Jeff Gerstmann wa GameSpot alifukuzwa kazi baada ya kuupa mchezo wa Kane & Lynch alama 6, wakati ambapo matangazo ya mchezo huo yalikuwa yametandazwa kwenye mtandao ule ule aliouandikia. Miaka mitano baadaye ndipo alipopata nafasi ya kuyasema wazi. Na 2010 watengenezaji wa Fallout: New Vegas waliahidiwa zawadi ya fedha mchezo ukifika wastani wa 85. Ulipata 84. Sijui ni mhakiki gani aliyelala usiku ule akijua kwamba nukta yake moja imetoa chakula mezani mwa watu.

Nikimweleza mzee hayo pale barazani, alinikatiza. "Mbona kwenye mashindano ya Kurani hatugombani hivi?"

Astaghfirullah, sikifananishi Kitabu na mchezo, wala yeye hakukusudia. Alikuwa akisema juu ya meza ya waamuzi, na kwa kweli alisema jambo. Atakayekaa katika mashindano yetu ya Ramadhani, hapa au Mombasa, ataona kwamba hifdhi ina alama zake, tajwidi ina zake, na sauti ina zake. Mwamuzi anayesikiliza makharija hajishughulishi na utamu wa sauti. Mtoto akikosea hurejeshwa hapo hapo mbele ya watu, na kila mmoja ukumbini anajua alama imepungua wapi. Kisha hujumlishwa, lakini karatasi haitupwi. Mzazi akitaka kujua mwanawe ameanguka kwa nini, ataambiwa: hifdhi ni kamili, tajwidi ina upungufu. Atajua la kufanya.

Michezo ya video haijapata meza ya namna hiyo, na pwani yetu haijapata kiti hata kwenye meza iliyopo. Wala tusijidanganye kwamba sisi wenyewe tukikaa tutakuwa malaika. Ulipotoka mchezo wa Nairobi X mwaka 2015, uliotengenezwa na vijana wa hapa Kenya, wengi tuliushangilia kwa kuwa ni wa nyumbani, na waliouliza kama unachezeka vizuri walionekana wana kijicho. Huo ndio ushahidi wa mzazi kwa mwanawe. Vijana wale walistahili kuambiwa kilichopungua, ili wa pili uwe bora.

Mzee hakurudi nyumbani. Alimwambia mwanawe atangulie, tukaenda sote watatu hadi kibanda kimoja ambacho mwenyewe ana mashine inayoingia diski ile. Kijana mwenye kibanda aliiweka, na vijana sita au saba wakasogea. Mzee akavuta kibao akakaa mbele kabisa. Kila mmoja alikuwa na lake. Mwenye kibanda aliuliza kama wawili wanaweza kucheza pamoja kwenye kioo kimoja, kwa kuwa hiyo ndiyo riziki yake. Inawezekana, akafurahi. Mwingine aliuliza umeme ukikatika mtu hurudi wapi, mwanzo kabisa au alipofika. Mtoto wa mzee alitaka tufike Mombasa. Mzee alitaka kuona damu ni ya nani na ni kiasi gani, na akauliza mara mbili kama wanaouawa ni watu au ni mashetani.

Tulipofika kwenye vichochoro vya Mombasa ya Kale, alisogeza uso karibu na kioo. Alisoma Mombasa ujanani, anaijua. Akamwambia kijana apunguze mbio, ageuke kushoto, asimame, aangalie juu. "Hapa si kwetu," alisema. Kisha baada ya kitambo, "Lakini ukuta huu ni wetu." Kijana akampa pedi ajaribu mwenyewe, akaikataa, akasema endelea, nataka kuona njia inatokea wapi.

Adhana ya magharibi ilipolia bado alikuwa hajatoa alama. Diski aliitia mfukoni mwa kanzu, akamwambia mwanawe waende msikitini kwanza.